Hesabu ya Babu

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mwaka wa 2022, huko kwetu Kajiado, mawingu yalikuja yakaenda zake, na mvua hata tone!

Babu alikuwa na ng'ombe kumi na wanane. Wanunuzi walipofika, baba alimsihi auze wangali na nyama. Babu akakataa katakata. "Nimeona viangazi vingi," akasema. "Mvua ikikosa misimu miwili, wa tatu hunyesha." Lo! Walibaki ng'ombe watatu tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapa mkuu ndiye aliyevunjika. Nami, bila haya, nilimwita mkaidi.

Kumbe nilimwonea bure. Mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, kuanzia Oktoba 2020. Mnamo Aprili 2023, wanasayansi wa kikundi cha World Weather Attribution walitoa matokeo ya utafiti wao. Kwa kompyuta, walilinganisha dunia ya leo na dunia ambayo haikupashwa joto na moshi wa viwanda na magari. Wakaona kwamba joto hilo limeongeza uwezekano wa ukame kama ule angalau mara 100. Sababu kubwa ni kwamba joto hunyonya maji ardhini, hata mvua kidogo inayonyesha haikai udongoni.

Ndugu msomaji, fikiria kibuyu chenye maharagwe meupe mengi na meusi machache. Kila msimu unachomoa moja bila kutazama. Jeusi ni ukame. Meusi yalikuwako tangu zamani, hakuna abishaye. Lakini mtu akiyaongeza usiku, utayachomoa mara kwa mara, ingawa huwezi kuapa kwamba hili ulilolishika ndilo lililoongezwa. Babu hakukosea kuhesabu. Kibuyu kilibadilishwa, naye hakuambiwa.

Likizo iliyopita aliniuliza anunue tena ng'ombe wangapi. Nikamweleza habari ya kibuyu. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na nani aliyeyatia hayo meusi?"

"Moshi, Babu."

"Moshi wa nani? Sisi hata gari hatuna."

Sikuwa na jibu. Siku ya soko alinunua mbuzi.

Wanafunzi wenzangu, mkiwasikia wazee wetu wakikosea majira, msiwacheke. Majira ndiyo yaliyowakosea.