Karati Tisa: Saa ya Babu kati ya Tanga na Birmingham

Kwetu Tanga, mzee akifariki akaacha saa yenye rangi ya dhahabu, hakuna anayeuliza kwanza imetoka kiwanda gani. Watu huuliza: ni dhahabu, au imetiwa maji ya dhahabu? Swali hilo lina uzito. Mirathi haigawanyiki mpaka thamani ya mali ijulikane. Dhahabu inaingia kwenye hesabu ya zaka. Tena mwanamume Mwislamu havai dhahabu, kwa hiyo saa ikithibitika kuwa ya kweli, kijana aliyekuwa akiimezea mate hawezi kuivaa siku ya Idi. Huku Birmingham ninakoishi, mtu akirithi saa kama hiyo hutaka kujua akiiuza atapata kiasi gani, na kwenye bima aiandikishe kwa kiasi gani.

Saa ninayoizungumzia ni ya babu mzaa baba. Alikuwa karani kwenye kampuni moja ya mkonge, na mwaka 1958 wakubwa wake walimpa saa ya mkono kwa kuwa mtumishi wa muda mrefu. Maneno ya shukrani yamechorwa upande wa ndani wa kifuniko cha nyuma. Babu alipofariki, wanawe waliipeleka kwa sonara mjini. Sonara akaisugua ukingo kidogo kwenye lile jiwe jeusi la kupimia dhahabu, ukabaki mstari mwembamba wa manjano. Akadondoshea tindikali, mstari ukapotea. Basi ikawa si dhahabu, na kwenye mirathi haikuhesabiwa. Shangazi akaihifadhi kabatini kwa kuwa ni ya baba yake, si kwa kuwa ni mali.

Miaka yote hiyo familia iliamini kwamba Wazungu walimpa babu kitu feki. Jambo hilo liliwauma, na walikuwa na haki ya kuumia, maana mzee alifanya kazi ile tangu ujana wake. Nilipokwenda likizo nikamwomba shangazi nije nayo huku, angalau ipate fundi wa kuifanya itembee tena. “Chukua mwanangu,” akasema, “lakini usihangaike na dhahabu, sonara alishatwambia.”

Fundi saa niliyempata yuko kwenye mtaa wa masonara wa hapa, Jewellery Quarter. Hakugusa jiwe wala tindikali. Alifungua kifuniko cha nyuma, akavaa lenzi yake jichoni, akasoma. Ndani ya kifuniko, pembeni ya yale maneno ya shukrani, kuna vijialama vidogo kuliko punje ya mtama: herufi za mtengenezaji, ALD, nanga, tarakimu za karati 9 na 375, na herufi moja ya mwaka. Akaniambia kasha hili ni dhahabu ya karati tisa, limetengenezwa na kampuni ya Dennison hapahapa Birmingham, na limepimwa mwaka 1956. Mashine iliyomo ndani ni ya Uswisi, yenye vito 17. Siku zile wafanyabiashara wa Uingereza waliagiza mashine tupu kutoka Uswisi wakazivalisha makasha ya hapa, kwa sababu ushuru wa saa kamili ulikuwa mkubwa. Kwa hiyo kasha la Birmingham juu ya mashine ya Uswisi si dalili ya udanganyifu. Kwa saa ya Kiingereza ya miaka hiyo, ni kawaida kabisa.

Je, sonara wa Tanga alikosea? Hapana, na ningependa jamaa zangu walielewe hili vizuri. Tindikali ya sonara huchanganywa kwa kiwango: ipo inayoacha mstari wa karati 18 salama na kula ulio chini yake, na ipo ya karati 22. Mwambao wetu umezoea dhahabu ya 22 na 18, na ile ya 21 inayotoka Ghuba. Karati 18 ni sehemu 750 za dhahabu katika 1,000, na 22 ni 916. Karati tisa ni 375 tu, zinazobaki ni shaba, fedha na madini mengine. Mstari wa namna hiyo ukikutana na tindikali ya 18 lazima uliwe. Jiwe lilitoa jibu sahihi kwamba hii haifiki 18, na mezani kwa sonara wetu kisichofika 18 hakiitwi dhahabu. Mwanamke wa Tanga aliyeolewa kwa seti ya 22 atakubaliana naye bila kusita. Uingereza ndiyo iliyoamua vingine: tangu mwaka 1854 sheria yao inaruhusu karati tisa kuuzwa kwa jina la dhahabu, na hadi leo pete nyingi za ndoa za hapa ni za karati hizo.

Kitu ninachowahusudu Waingereza ni ile nanga. Birmingham haina bahari, lakini tangu 1773 nanga ndiyo alama ya ofisi yake ya kupima madini ya thamani. Mwenye viwanda Matthew Boulton alichoka kupeleka vyombo vyake vya fedha hadi Chester kupimwa, akalishawishi Bunge liupe mji wake ofisi yake wenyewe. Ofisi hiyo haiuzi dhahabu wala hainunui. Kazi yake ni kupima na kugonga alama, na kughushi alama hiyo ni kosa la jinai linaloweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 10. Ndiyo maana fundi aliweza kusoma mwaka 2024 jambo lililothibitishwa 1956 na watu wasiokuwa na faida yoyote katika jibu.

Kwetu anayepima mara nyingi ndiye anayenunua. Mjane au binti wa marehemu anaingia dukani na saa mkononi, sonara anaipima, anataja karati, anataja uzito, anataja bei, na yote matatu yametoka kinywa kimoja. Masonara waaminifu tunao, tena wengi, lakini mrithi hana pa kuhakikisha. Mchimbaji mdogo amepata afadhali: kwenye masoko ya madini yaliyoanza Tanzania mwaka 2019, la Geita likiwa kati ya ya kwanza, dhahabu yake hupimwa kwa mashine ya mionzi mbele ya maofisa, muuzaji na mnunuzi wakiangalia. Sioni kwa nini mwenye mirathi asipate meza kama hiyo mjini Tanga, alipe ada ya kupimiwa tu, arudi nyumbani na karatasi.

Mashine nayo isiaminiwe kupita kiasi. Mionzi husoma tabaka la juu tu. Saa iliyovikwa bamba nene la dhahabu juu ya shaba inaweza kuonekana ya dhahabu tupu. Dennison haohao walitengeneza makasha ya aina hiyo, wakayapa majina ya Star na Moon, na mengine yaligongwa ahadi ya kudumu miaka 10 au 20. Mwenye kasha la namna hiyo aelewe kwamba dhahabu tupu haihitaji ahadi ya miaka, kwa kuwa haibanduki. Ukiona maneno ya bamba, mikroni 20, au kifuniko cha nyuma cha chuma kisichoshika kutu, hiyo ni ya maji ya dhahabu hata kama inang’aa kuliko ya jirani.

Na tafadhali, msiipeleke kupigwa msasa ili ipendeze kabla ya kuisoma. Msasa ukila zile alama, ushahidi umekwisha. Wala msikubali ipimwe kwa mizani ikiwa nzima, maana mashine na kioo vina uzito wake. Kasha la babu likiwa tupu lina gramu 12, kwa hiyo dhahabu safi iliyomo ni gramu 4.5. Peke yake haifikii nisabu ya zaka, gramu 85. Ukiiuza kwa kuyeyushwa utalipwa hizo 4.5, na maneno ya 1958 yataingia tanurini pamoja nayo. Maduka ya kununua dhahabu ya kuyeyusha yapo hapa pia, na yangenilipa hivyohivyo.

Nilimpigia shangazi simu nikamsomea yote. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama karati tisa nazo ni haramu kwa mwanamume. Nikamwambia hilo fundi saa hana jibu lake, aende kwa shehe. Suala lililobaki ni la hesabu. Bibi alitangulia kufa. Babu aliacha wana wawili na mabinti watatu, ni mafungu saba, na mmoja wa wale wana naye ameshafariki, fungu lake ni la warithi wake. Nimewatumia karatasi ya fundi yenye uzito na karati, pamoja na thamani iliyoandikwa na mthamini asiyenunua. Shangazi ameomba saa ibaki kwake na awalipe wenzake mafungu yao kidogo kidogo. Wakubwa wanakaa Ijumaa baada ya sala.