Dari ya Kanali Neumann

Katika nchi ya Ujerumani, ukingoni mwa mto Main, uko mji wa Würzburg, uliozungukwa na vilima vya mizabibu. Mgeni aufikiapo mji huo huonyeshwa kwanza jumba kubwa liitwalo Residenz, maana yake makao ya mtawala. Zamani Würzburg ilitawaliwa na maaskofu walioshika enzi ya dini na ya dola kwa pamoja, nao ndio waliolijenga. Aliyewasimamia mafundi hakuwa kasisi wala mtoto wa kabaila. Alikuwa askari wa mizinga, jina lake Balthasar Neumann.

Neumann alizaliwa mwaka 1687 katika mji wa Eger, ambao leo huitwa Cheb, nao umo katika Jamhuri ya Czech. Baba yake alikuwa mfumaji nguo, mtu wa watoto wengi na mali chache. Kijana akatiwa katika kazi ya kuyeyusha madini na kusubu kengele na mizinga. Mwanzo wa ngoma ni lele. Alipofika Würzburg mwaka 1711 akitafuta kazi, alijifunza pia jometri, upimaji wa ardhi na ujenzi wa ngome, kisha akaingia katika kikosi cha mizinga. Mwaka 1717 alikuwa pamoja na majeshi ya Austria huko Belgrade, mji huo ulipotwaliwa kutoka mikononi mwa Waturuki.

Mwaka 1719 alichaguliwa askofu mtawala mpya, Johann Philipp Franz von Schönborn, naye akamkabidhi askari huyo kazi ya jumba. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1720. Neumann alikuwa na umri wa miaka 33. Mwaka 1723 alipelekwa Paris ili michoro yake ikaguliwe na wasanifu mashuhuri wa Ufaransa. Aliyasikiliza mashauri yao, akachukua yaliyofaa na kuyaacha mengine.

Mtihani wake mkubwa ulikuwa ukumbi wa ngazi. Juu ya ngazi hizo Neumann alikusudia kupinda dari ya mawe yenye urefu wa karibu mita 30 na upana wa karibu mita 18, bila nguzo hata moja katikati. Yeyote ajuaye kazi ya uashi ataielewa hatari yake: dari ya mawe iliyopindwa husukuma kuta kwa nje mchana na usiku, na zikilegea kidogo tu, yote huanguka. Husimuliwa kwamba msanifu mwenziwe kutoka Vienna alidai dari hiyo haitasimama kamwe, na Neumann akajibu kwamba yu tayari kupiga mizinga chini yake. Huenda masimulizi hayo yametiwa chumvi, lakini dari ilijengwa, nayo ikasimama.

Wala hakuwajengea wakubwa peke yao. Aliwaletea watu wa mji maji ya mabomba, akaendesha kiwanda cha kioo, akafundisha chuoni elimu ya ujenzi wa kiraia na wa kijeshi. Mwaka 1741 alipandishwa cheo kuwa kanali.

Mwaka 1752 na 1753 mchoraji Tiepolo, kutoka Venice, aliipamba dari ile kwa picha ya mabara manne. Afrika imo pia, katika sura ya mwanamke aliyepanda ngamia. Na ukingoni mwa picha ameketi Neumann mwenyewe, amevaa sare ya kijeshi, ameegemea mzinga. Alifariki Agosti 1753, akazikwa kwa heshima za kijeshi.

Miaka mia mbili karibu ikapita. Usiku wa tarehe 16 Machi 1945 ndege za Uingereza ziliushambulia Würzburg kwa mabomu ya moto. Kwa muda wa dakika 20 hivi sehemu kubwa ya mji iliteketea, na watu wapatao 5,000 walipoteza maisha. Paa la jumba, lililojengwa kwa mbao, liliwaka na kuporomoka juu ya dari ya Neumann. Dari haikuanguka. Lakini sasa ilibaki wazi, nayo mvua ingaliweza kuilowesha na kuiharibu picha. Ofisa mmoja wa Jeshi la Marekani, John Davis Skilton, alihangaika kutafuta magogo, akayapasulisha mbao, na paa la muda likaezekwa mwaka huohuo.

Hivyo jengo la askari liliokolewa na askari wa taifa lililokuwa adui jana yake. Mwaka 1981 jumba hilo liliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wageni wapandao ngazi zake huinua macho kutazama picha ya Tiepolo. Wachache hufikiri juu ya mawe yaliyo nyuma ya rangi, ambayo mtoto wa mfumaji nguo aliyapima na kuyapanga hata yakaweza kuubeba mzigo ambao hakuna aliyeutazamia.