Mto Usio na Daraja

Wapo Wakristo wanaoamini kwamba hadithi ya kubuni ni uongo uliovikwa nguo nzuri, na kwamba aliyeokoka hana haja nayo. Mzee mmoja wa kanisa hapa Nanyala alipata kuniambia hivyo, nami namheshimu. Lakini Bwana mwenyewe alifundisha kwa mifano, wala hakuna anayeuliza mwana mpotevu alizaliwa kijiji gani.

Tena hadithi za namna hiyo zimefika mbali kuliko mahubiri mengi. John Bunyan, fundi wa kuziba masufuria huko Bedford, Uingereza, alikaa gerezani miaka 12 kwa sababu ya kuhubiri bila kibali. Mwaka 1678 alitoa kitabu cha mtu aliyebeba mzigo mgongoni akiutafuta mji wa mbinguni. Kimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 200, nasi tumekipata kwa jina la Safari ya Msafiri. Msomaji wa Kiswahili hapati taabu nacho: aliyekutana na Karama na Majivuno katika Kusadikika cha Shaaban Robert anajua kwamba jina la mtu laweza kuwa ndiyo tabia yake.

Mwaka 1896 Charles Sheldon, mchungaji wa Topeka, Marekani, aliwasomea washarika wake Jumapili jioni, sura baada ya sura, hadithi ya watu walioahidi kutofanya jambo lolote mwaka mzima kabla ya kujiuliza Yesu angefanya nini. Haki ya kunakili haikuandikishwa sawasawa, wachapaji wengi wakakichapa watakavyo. Mwandishi alipata fedha kidogo. Kitabu kikapata mamilioni ya wasomaji.

Kisha mwaka 1995 Tim LaHaye na Jerry Jenkins walianza mfululizo wa Left Behind. Rubani yuko angani akielekea London, mara abiria kadhaa wanatoweka vitini, nguo zao zimebaki. Mfululizo huo uliuza nakala zaidi ya milioni 60. Binti yangu aliniletea kitabu cha kwanza kutoka Mbeya, nami sikukiweka chini hadi nilipokimaliza. Kinasisimua, na hofu yake yaweza kumfanya mtu atengeneze njia zake.

Mwaka ule mume wangu alikuwa mgonjwa kitandani. Nilimsimulia kitabu hicho jioni moja. Alisikiliza hadi mwisho, akatabasamu, akasema: "Mama watoto, mimi sitatoweka. Mimi nitakufa." Akaniomba nimsomee ile ya mtu na mzigo.

Karibu na mwisho wake, Mkristo anafika kwenye mto wenye kina, usio na daraja. Mji anauona ng'ambo. Anauliza kama hakuna njia nyingine, anajibiwa kwamba ni Henoko na Eliya tu waliopitishwa kwingine. Anaingia. Maji yanamfunika, giza linamshika, anasahau faraja zote za njiani. Mwenzake, Tumaini, anamshika kichwa kisizame, akimweleza kwamba mguu wake umegusa chini.

Hapo mume wangu aliniomba nirudie. Baadhi ya waliokuja kumwombea walikuwa wameikemea hofu yake kana kwamba ni ukosefu wa imani, naye lilikuwa limemwumiza kuliko ugonjwa. Kumbe aliyetembea njia yote kwa uaminifu naye alitetemeka mtoni, na mji ukampokea. Tangu siku hiyo alizungumza nami juu ya kifo bila kuona haya, tukapanga mambo ya watoto na shamba la kahawa.

Sisi tunaoishi kando ya barabara kuu ya Tunduma twajua kwamba msafiri hahitaji sana kuambiwa mwendo utakwisha lini, anahitaji mwenzake. Hesabu ya nakala zilizouzwa haiwezi kutuonyesha kitabu kipi ni mwenzetu. Hilo hujulikana pale maji yanapofika shingoni. Na kitabu kinachomshika mtu kichwa wakati huo, hata kikiwa hadithi tupu, mimi siwezi kukiita uongo.