Uchaguzi wa Mashine ya Kuchomelea kwa Karakana Ndogo ya Shule

Wanachuo wengi huingia katika mazoezi ya kufundisha wakiamini kwamba zana za kufundishia ni kadi, chati na vizibo vya soda. Sisi ambao tuna karakana ndogo hapa Berega, na ambao Jumamosi hujiburudisha kwa kazi za chuma, tumeona mara nyingi kwamba shule yenye upungufu wa chati ina upungufu mkubwa zaidi wa madawati yasiyoyumba. Mguu wa dawati ukikatika mwezi wa pili, watoto watatu huketi sakafuni hadi mtihani wa mwisho wa mwaka. Mwandiko wa mtoto anayeandikia magotini hausahihishwi kwa kalamu nyekundu.

Kwa hiyo, si jambo la ajabu kwamba walimu wa shule mojamoja hukubaliana na wazazi kuchanga fedha ili wanunue mashine ya kuchomelea. Fedha hizo hupatikana mara moja tu. Mashine ikifa baada ya wiki mbili, mzazi aliyeuza mahindi yake hatachanga tena, hata kwa ajili ya choo. Hapo ndipo uzito wa uchaguzi ulipo.

Swali la kwanza halihusu mashine, bali chuma chenyewe. Fremu za madawati hutengenezwa kwa bomba za mraba, zile ambazo mafundi huziita skwea paipu, na unene wa ukuta wake mara nyingi ni milimita 1.2 hadi 1.5. Mashine ya fimbo ndiyo rahisi kuipata na ndiyo iliyozoeleka, lakini fimbo ya milimita 2.5 huhitaji ampia 60 hadi 90 hivi, na mkono wa mwanafunzi anayeanza hutoboa bomba jembamba kabla hajaliunga. Fundi mzoefu hufaulu. Mwalimu anayejifunza baada ya saa za kazi hutoka na matundu. Mashine ya MIG hulisha waya mwembamba, wa milimita 0.6 au 0.8, bila kukoma, na mkono wa pili hubaki huru kushika kazi. Njia hii ilizaliwa Marekani mwaka 1948, katika taasisi ya Battelle, kwa ajili ya alumini. Katika miaka ya 1950, ilipogunduliwa kwamba gesi rahisi ya kaboni dayoksaidi yaweza kukinga chuma cha kawaida kinapoyeyuka, ikaenea viwandani.

Hata hivyo, gesi ndiyo kikwazo cha mtu wa kijijini. Mtungi hapana budi kukodiwa au kununuliwa, kisha kurudishwa mjini kila unapokwisha. Aidha, upepo unaoshuka kutoka milima ya Ukaguru hupeperusha gesi yote, na kiungo hubaki na vitundu kama mkate wa ajemi. (Tumewahi kuulizwa kama mtungi wa gesi ya kupikia wafaa. Haufai kabisa, gesi hiyo huwaka.) Kwa sababu hizo, shauri letu ni kutafuta mashine ya MIG inayokubali pia waya wenye unga ndani yake, ambao hujikinga wenyewe bila mtungi. Waya huo hutoa moshi mwingi na huacha ganda la kugongwa kwa nyundo, lakini hufanya kazi chini ya mwembe. Angalia jambo moja: waya mtupu hutaka tochi iungwe upande wa chanya, ilhali waya wa unga wa aina hii kwa kawaida hutaka upande wa hasi. Mashine isiyoruhusu kubadilisha pande hizo, iache dukani. Ikiwa yaweza pia kutumia fimbo, ni bora zaidi, kwani siku waya utakapokosekana kazi haitasimama.

Sasa tufike kwenye kibandiko kilicho nyuma ya mashine, ambacho wanunuzi wengi hawakisomi, nacho ni somo zima la hesabu. Mwanachuo mmoja alisoma mbele yetu, ‘Asilimia 20 kwa ampia 140,’ akauliza, ‘Asilimia 20 ya nini?’ Swali hilo ndilo ambalo mwalimu wa asilimia angependa lizaliwe darasani, maana watoto wetu hukokotoa asilimia vizuri bila kujua kizima ni kipi. Hapa kizima ni dakika 10. Mashine hiyo, ikitoa ampia 140, huchomelea kwa dakika 2 na kupumzika dakika 8. Ikipunguzwa hadi ampia 80, huweza kufika asilimia 60, yaani dakika 6. Na kwa ampia 62 hivi haihitaji kupumzika. Mpe mwanafunzi wa darasa la sita namba hizo, umwambie kila dawati lahitaji dakika 4 za moto kwa ampia 140, kisha umwulize madawati 5 yatachukua muda gani. Wengi watajibu dakika 20. Waache wabishane mpaka mmoja akumbuke mapumziko. Mwalimu asiharakishe kutoa jibu.

Zaidi ya hayo, kipimo cha kimataifa hufanywa katika joto la nyuzi 40. Muuzaji akionyesha karatasi iliyopimwa kwa nyuzi 20, ajue mnunuzi kwamba mashine hiyo itapumzika zaidi katika jua la Kilosa.

Umeme nao una hesabu yake. Nyumbani na shuleni tuna volti 230 za njia moja, lakini mwisho wa laini ndefu huwa pungufu. Ukiongeza waya mwembamba wa kurefusha, wa milimita za mraba 1.5 na urefu wa mita 30, ukavuta ampia 20, unapoteza volti 14 au 15 njiani. Waya wa milimita za mraba 4 hupoteza kama volti 5 na nusu. Mashine nyingi zinazolaumiwa kuwa mbovu zinanyongwa na waya wa kurefusha tu. Mashine za kisasa za inveta ni nyepesi na hula umeme kidogo kuliko za transfoma, lakini vumbi na mafuriko ya volti huziua upesi. Ya transfoma ni nzito kama jiwe la kusagia, na fundi wa kawaida huweza kuitengeneza.

Kabla ya kulipa, uliza vipuri: ile ncha ndogo ya shaba ambamo waya hupita, magurudumu ya kulisha waya, na tochi nzima. Kama havipatikani Morogoro mjini, bei nafuu si nafuu. Mwenye kutaka mafunzo kamili aanze kwa kuuliza VETA Mikumi.

Fedha ya kinyago, glavu na aproni ya ngozi itengwe kabla ya fedha ya mashine. Kioo kiwe cha giza namba 10 au 11. Miwani ya jua haikingi kitu. Bomba lenye rangi ya zinki likwanguliwe kwanza, kwa kuwa moshi wake huleta homa na kutetemeka usiku. Na watoto, ambao hawawezi kuacha kutazama mwanga ule, macho yao hayaumi papo hapo. Huanza kuwasha baada ya saa kadhaa, wakiwa nyumbani, kana kwamba yametiwa mchanga. Kwa hiyo sisi huzungushia turubai pande zote, na hatuwashi mashine mpaka mtoto wa mwisho ameondoka shuleni.