Orodha ya Watano

Ujumbe wa binamu yangu uliingia Jumapili saa nne usiku, nikiwa naosha vyombo. "Dada, niandikie watu watano wa kuwafuata ili nijue uandishi wa kujitegemea. Watano tu, wale wa ukweli. Kuna mmoja nimempata, anafundisha wiki nne kwa 6,500. Mama amesema tutauza magunia mawili."

Nilipangusa mikono, nikausoma tena. Shangazi analima ekari moja na nusu huko Kimilili, na mahindi anayoweka baada ya kuvuna ndiyo chakula cha nyumba nzima hadi msimu mwingine. Magunia mawili si kitu cha kutoa hivi hivi.

Binamu yangu hakukosea kuniuliza. Katika ukoo wetu mimi ndiye mwandishi. Tukikutana matangani au harusini, Shangazi hunishika bega na kuwaambia watu, "Huyu ndiye anaandikia wazungu." Watu hutikisa kichwa kwa heshima. Mimi hutabasamu na kutafuta chai. Shangazi hajui jinsi alivyosema kweli. Kwa miaka minne sikuwaandikia wazungu kama mtu anavyomwandikia rafiki barua. Niliwaandikia kama mtu anavyomfulia mwenzake nguo.

Nilikaa kitandani na daftari, nikaandika majina matano bila kufikiri sana. Wa kwanza alikuwa kijana wa Nairobi anayejirekodi akiwa ameegemea gari. Wa pili, Mmarekani anayeeleza jinsi alivyopata maelfu ya dola kwa mwezi kwa kuandika. Wa tatu, mwanamke anayetuma mawaidha ya uandishi kila Jumatano, yameandikwa vizuri kweli. Wa nne, mhariri mmoja wa hapa Nairobi aliyewahi kunikataa. Wa tano nilimwacha wazi, nikaweka alama ya kuuliza, kwa sababu nilitaka kwanza kumchunguza huyo wa 6,500.

Ukurasa wake ulinitoa jasho. Maneno yalikuwa yale yale niliyoyasoma mwaka 2019, nikiwa mwaka wa pili chuoni: uhuru, dola, fanya kazi ukiwa nyumbani, nafasi zimebaki chache. Mwaka ule nililipa 4,000 kutoka kwenye pesa za mkopo wa elimu, nikaenda kukaa Jumamosi nne katika chumba kimoja juu ya duka la simu. Tulikuwa kama thelathini. Mwalimu alitufundisha kunukuu vyanzo kwa mtindo wa APA, kupanga hoja, na kupita kwenye programu ya kunasa wizi wa maandishi. Alifundisha vizuri, siwezi kumsingizia. Lakini hakutuonyesha hata ukurasa mmoja aliouandika yeye. Watu thelathini mara 4,000 ni 120,000. Hesabu hiyo sikuipiga siku ile.

Somo la mwisho lilikuwa "jinsi ya kupata akaunti." Hapo ndipo tulipoelewa tulichokuwa tukifundishwa. Kulikuwa na tovuti ambazo wanafunzi wa Marekani, Uingereza na Australia waliweka kazi zao za chuo, na mtu wa Nairobi, Eldoret au Juja akaziandika. Akaunti nzuri iliuzwa kwa bei ambayo mwanafunzi hawezi, kwa hivyo wengi wetu tuliandika chini ya mwenye akaunti. Yeye alipokea dola, sisi tukapokea shilingi kwa M-Pesa. Ukurasa mmoja ulihesabiwa kuwa maneno 275. Mimi nililipwa shilingi 250 kwa ukurasa, yaani hata shilingi moja kwa neno haikufika.

Nilikuwa nasomea ualimu wa Kiswahili na historia. Usiku nilikuwa muuguzi, meneja wa hoteli, mwanasaikolojia wa watoto. Nilijifunza mengi, na huo ndio ukweli ambao watu wanaotulaumu hawapendi kuusikia. Nilijifunza kusoma makala ya kurasa thelathini kwa saa moja. Nilijifunza kutokawia. Kodi ya chumba ilitoka huko, na muhula mmoja wa karo ya huyu huyu binamu ulitoka huko.

Halafu ikaja kazi ya mwanafunzi mmoja wa uuguzi, kurasa nne, kabla ya asubuhi. Aliagizwa aandike tafakari kuhusu mgonjwa wa kwanza kumwona akifa, aeleze alichohisi na alichojifunza. Hakukuwa na chanzo cha kunukuu. Ilikuwa saa saba usiku na sikuwa na mgonjwa yeyote, ila nilikuwa na Kukhu.

Kukhu ni nyanya yangu, mama yake Shangazi. Alikuwa amefariki miezi mitano kabla, mimi nikiwa nimemshika mkono. Niliandika jinsi ngozi ya mkono wake ilivyokuwa nyepesi kama ganda la kitunguu. Niliandika jinsi alivyouliza kama kuku wamefungiwa, kisha hakuuliza tena kitu. Kuku nikawatoa, nikaweka paka, kwa sababu hospitali ilikuwa ya Ohio. Kukhu nikampa jina la kizungu. Nilimaliza saa kumi alfajiri, nikalia kidogo, nikatuma. Mteja alitoa nyota tano. Nililipwa 1,000.

Mwaka 2020 Australia ilipitisha sheria ya kuwazuia wanaouza kazi kama hizo, na mwaka 2022 ikawa kosa la jinai kuwauzia wanafunzi wa Uingereza, upande wa England. Habari hizo tulizisoma, tukatumiana, tukaendelea. Kisha mwisho wa Novemba 2022 ChatGPT ikatoka. Kufikia katikati ya mwaka uliofuata mwenye akaunti alikuwa ameacha kunitumia ujumbe. Ningependa kusema kwamba dhamiri ilinisuta nikaacha ile kazi. Sivyo. Kazi ndiyo iliyoniacha.

Nikarudi kwenye daftari. Kumpendekeza mtu ni kama kumdhamini kwenye chama: akikimbia na pesa, mlango utakaobishwa ni wako. Kwa hivyo nilijiuliza maswali matatu ambayo ningependa kuulizwa mwaka 2019. Je, huyu amewahi kulipwa kwa kuandika na mtu asiyekuwa mwanafunzi wake? Je, naweza kusoma alichokiandika kikiwa na jina lake? Je, husimulia pia kazi zilizokataliwa, au ni ushindi tu?

Kijana wa gari alianguka kwenye swali la kwanza. Mmarekani alipita yote matatu, lakini aliandika kwa ajili ya mtu mwenye kadi ya benki ya kwao, bima ya kwao na wateja wa mtaani kwao. Binamu yangu angemsoma na kujiona mvivu, na wala si mvivu. Mwanamke wa Jumatano alinipa kazi. Nilisoma mawaidha yake ya miezi miwili. Kila moja liliishia kwenye kitabu chake, na kila kitabu kilikuwa kuhusu jinsi ya kuandika kitabu. Nikamkata kwa shingo upande, maana ananipendeza.

Mhariri alibaki. Yeye hutangaza wazi analipa kiasi gani na baada ya siku ngapi, hata kama siku hizo huongezeka. Aliponikataa aliniandikia mistari mitatu: mwanzo umechelewa kuanza, chanzo ni kimoja tu, na aya ya sita ndiyo habari yenyewe. Mistari hiyo mitatu ilinifaa kuliko Jumamosi zangu nne, na hakunitoza kitu.

Nikaongeza Shaaban Robert. Najua, marehemu hafuatwi mtandaoni. Lakini kuna kitabu cha barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, za kati ya 1931 na 1958, na kijana anayetaka kuishi kwa kalamu hapotezi kitu akizisoma. Mtu tunayemwita gwiji alianza kazi ya ukarani katika idara ya forodha mwaka 1926, na Kusadikika ilipotoka mwaka 1951 bado alikuwa mtumishi wa serikali. Hakuna aliyemwambia aache kazi kwanza ndipo awe mwandishi. Nikaongeza pia Taifa Leo, isomwe kila siku kwa wiki mbili, kalamu mkononi, kuona habari inavyoanza na inavyofungwa.

Hao ni watatu. Nafasi mbili zilibaki. Ya nne nilitaka kuandika jina langu. Nilikuwa na haki, nilidhani: nimeandika kuliko yule wa 6,500. Nikajiuliza maswali yangu. Nimelipwa na mtu asiyekuwa mwanafunzi wangu? Ndiyo, mamia ya mara. Unaweza kusoma nilichokiandika kikiwa na jina langu? Hapana. Hata kimoja.

Wiki iliyotangulia msimamizi wangu wa tasnifu alikuwa amenirudishia sura ya kwanza. Pembeni mwa ukurasa wa pili aliandika kwa penseli, "Nani anazungumza hapa?" Nilidhani ni suala la sarufi. Nimejaribu pia mara tatu kuandika kuhusu kifo cha Kukhu, kwa Kiswahili, kwa ajili yangu. Kila mara paka huingia. Naandika kuku, halafu nasita, sijui tena kama nakumbuka hospitali yetu au ile niliyoibuni kwa 250 kwa ukurasa.

Jumatatu jioni nilimpigia binamu yangu. Nilimsomea majina matatu. Kisha nikamweleza kazi yangu ilikuwa ipi, yote, hadi Kukhu. Alinyamaza sana, nikadhani simu imekatika.

"Kwa hivyo 6,500 nisilipe?"

"Usilipe. Mwombe kwanza akuonyeshe makala moja yenye jina lake, iliyolipiwa na mtu mwingine. Akikuonyesha, nipigie tena."

"Na nianze na nini?"

Nilimwambia aandike maneno 800 kuhusu kitu anachokijua kuliko mhariri. Akasema hajui kitu. Nikamuuliza wanunuzi wa mahindi hupimaje wakija nyumbani. Akaanza kunieleza kuhusu gorogoro zilizobondwa chini ili zionekane ndogo na kumbe zinabeba zaidi, kuhusu mnunuzi anayekuja na mizani yake mwenyewe, na mama yake anavyosimama kando akihesabu kwa punje mfukoni. Alizungumza dakika kumi bila kupumua. Nikamwambia, hiyo.

Kabla hajakata aliuliza, "Mama anajua? Ile ya Kukhu?"

"Bado."

"Yuko hapa."

Sikuwa nimejiandaa. Shangazi alichukua simu, tukasalimiana, akaniuliza kama nakula vizuri. Nikamwambia. Nilimwambia vibaya, nikirudi nyuma, nikiruka, nikiomba msamaha kabla ya kueleza kosa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Walikulipa ngapi?"

"Elfu moja, Shangazi."

Nilisikia mtu akiburuta kiti.

"Na wale kuku uliwaandika?"

"Niliwatoa. Nikaweka paka."

"Paka," akasema. Alikaa kimya kidogo. "Mama hakupenda paka kabisa, mwanangu."

Kisha akaniambia mahindi bado yana unyevu, hata hivyo wasingeyauza wiki hii, na akamrudishia mwanawe simu.

Makala ya binamu yangu imekataliwa mara moja. Mhariri alimwandikia mistari miwili, naye akanitumia picha yake kama mtu aliyepokea cheti. Sasa anaandika upya. Mimi nimefuta sura ya kwanza ya tasnifu, na usiku naandika kuhusu jioni moja Kukhu alipouliza kama kuku wamefungiwa. Nafasi ya nne na ya tano kwenye daftari bado ziko wazi.