Wanafunzi Walilipia Nafuu Yangu

Kwa muhula mmoja nilifundisha takwimu kwa wanafunzi wa masafa kwa kutumia mfumo wa mazoezi wa kampuni ya nje, na katika muhula huohuo nilimfelisha mwanafunzi aliyelijua somo lile kuliko wengi niliowapa A. Mfumo ule niliuchagua mimi. Idara haikunishinikiza na chuo hakikuniagiza. Nimeamua kueleza jinsi nilivyouchagua, kwa sababu najua wapo wahadhiri wenzangu ambao wiki hii wamekaa na wakala wa kampuni kama ile, na wanaonyeshwa yaleyale niliyoonyeshwa mimi.

Darasa lilikuwa na watu zaidi ya mia tatu, wametawanyika kutoka Newala hadi Kigoma: walimu wa shule za msingi, wauguzi, makarani wa halmashauri, wenye maduka. Wengi wao hawakuwa na mkopo wa Bodi ya Mikopo. Ada walijilipia wenyewe. Mazoezi yalikuwa ya kila wiki, na kila zoezi lilihitaji kusahihishwa. Mimi na wasaidizi wangu tulikesha na makaratasi, na bado majibu yaliwafikia wanafunzi wakati somo limeshasonga mbele sura tatu. Kwa hiyo wakala alipotuonyesha mfumo unaosahihisha papo hapo, unaobadilisha namba za swali kwa kila mwanafunzi ili wasinakiliane, na unaomletea mwalimu jedwali la alama bila yeye kushika kalamu, moyoni nilikuwa nimeshakubali kabla hajamaliza maelezo.

Kwenye kikao cha idara mkuu wetu aliuliza swali moja tu: chuo kitalipa kiasi gani? Nikamjibu, "Hatulipi chochote, mkuu. Kila mwanafunzi atanunua mwenyewe namba yake ya kuingilia." Hoja ikapita pale pale. Hakuna aliyeuliza mwanafunzi atalipa kwa njia gani, na mimi niliyepaswa kuuliza ndiye niliyekuwa naupigia debe. Katika andiko la maombi nilisema lengo ni kuinua ubora wa ufundishaji. Lengo langu hasa lilikuwa kupumzika kusahihisha. Kuchoka si kosa. Kosa langu ni kwamba nilichukua uchovu wangu nikauita ubora, kisha nikawapelekea wanafunzi ankara yake.

Namba ile iliuzwa dola 45 kwa muhula, zaidi ya shilingi laki moja, na ililipwa kwa kadi ya benki tu. Mwalimu wa shule ya msingi kule Newala anapokea mshahara benki, lakini kadi yake si lazima iwe imefunguliwa kulipia vitu nje ya nchi. Wenye kadi zinazokubali waliwalipia wenzao. Wengine walituma pesa kwa simu kwa mtu wa Dar es Salaam wasiyemfahamu ili awalipie, naye akakata chake. Waliobaki waligundua kwamba kampuni inatoa siku 14 za majaribio bure kwa kila anwani mpya ya barua pepe. Zikiisha, akaunti inafungwa pamoja na kazi yote iliyomo, na unaanza upya kwa anwani nyingine.

Nilipopata habari hiyo sikujiuliza kwa nini mtu mzima mwenye kazi na familia ahangaike kufungua barua pepe mpya kila baada ya wiki mbili. Nilichokiona ni udanganyifu. Nikaweka tangazo kali kwenye kundi la WhatsApp la darasa: atakayebainika kuwa na akaunti zaidi ya moja atahesabiwa alama za akaunti ya mwisho peke yake. Niliamini kabisa kwamba nalinda hadhi ya somo.

Matokeo yakatoka. Muuguzi mmoja wa zahanati ya Mkoa wa Rukwa alipata 9 kati ya 40 za mazoezi, akaangukia sapu, yaani mtihani wa marudio. Aliniandikia: "Shikamoo mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Naomba unisaidie kuelewa alama zangu za mazoezi, maana mimi nilifanya yote." Nikamjibu marahaba, na kwamba mfumo unaonyesha vinginevyo. Hakubishana nami. Jioni ile picha zikaanza kuingia kwenye simu yangu, moja baada ya nyingine.

Zilikuwa kurasa za kaunta buku. Alikuwa amenakili kila swali kwa mkono kabla ya kulijibu, kwa sababu alijua akaunti itafungwa na kazi yake itapotea. Juu ya kila ukurasa ameandika tarehe na anwani ya barua pepe aliyokuwa akiitumia siku hiyo. Grafu amezichora kwa rula, safu zote zina upana sawasawa. Jibu la mfumo ameliandika pembeni kwa kalamu nyekundu, na pale alipokosea amerudia hesabu chini yake mpaka ikakubali. Na kwa kuwa kila akaunti mpya ilimrudisha mwanzo na kumbadilishia namba, maswali ya sura za kwanza aliyafanya tena na tena. Lile la kupima namba zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani alilifanya mara nne, kila mara kwa takwimu tofauti. Mara ya kwanza alikosea kugawanya. Mara ya nne njia yake ilikuwa safi kuliko ile niliyoiandika mimi kwenye maelezo ya kozi. Mwanafunzi aliyelipia namba yake siku ya kwanza alilifanya swali hilo mara moja, akapata, akasonga mbele. Yule nilimpa alama zote.

Nilikwenda kwa mkuu wa idara na picha zile. Seneti ilikuwa imeshapitisha matokeo, na alama za mazoezi zilitakiwa zitoke kwenye mfumo uliotajwa katika mpango wa kozi, yaani uleule nilioupendekeza. Daftari halikuwa ushahidi. Muuguzi akafanya sapu, akafaulu bila shida. Lakini kwa kanuni zetu sapu haivuki C, hata ukipata mia kwa mia.

Baada ya hapo ndipo nilipokaa nikaupitia mfumo ule kwa makini, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kikao. Niliuona mara ya kwanza kwenye kompyuta ya ofisini, kwa intaneti ya chuo. Safari hii niliufungua kwa simu ndogo na bando la kawaida, nikiwa nyumbani kwa mzazi wangu kijijini. Maelezo karibu yote yalikuwa kwa video, na kila video ya dakika kumi inakula makumi ya megabaiti. Ukurasa wa zoezi ulipokatika katikati, ulirudi mtupu.

Grafu nyingi ziliwekwa kama picha zisizo na maelezo, kwa hiyo programu ya kusoma skrini anayoitumia mwanafunzi asiyeona haikuwa na cha kumsomea. Mwanafunzi kama huyo nilikuwa naye. Aliponieleza shida yake katikati ya muhula nilimwambia atafute mwenzake wa kumsomea, nikaona nimemsaidia. Masharti ya matumizi nayo yalitaka tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu, na yaliipa kampuni ruhusa ya kutumia taarifa hizo kwa shughuli zake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilikuwa imeshapitishwa mwaka 2022. Sikuifungua hata mara moja.

Linaloniuma zaidi ni kwamba nilikuwa na pa kwenda. Nilipokuwa nasoma shahada ya pili sikuwa na uwezo wa kununua kitabu cha aljebra ya mstari. Niliisoma kwa mihadhara ya Gilbert Strang, ambayo MIT iliiweka wazi kwa dunia nzima kupitia mpango wake wa kutoa masomo bure, uliotangazwa mwaka 2001. Mimi ni zao la nyenzo huria. Mwaka 2019 Mkutano Mkuu wa UNESCO ulipitisha pendekezo la kuzihimiza nchi wanachama zitumie nyenzo za aina hiyo, nami nililitaja pendekezo hilo kwenye wasilisho langu la semina. Kisha nilipokabidhiwa darasa langu mwenyewe nikafanya kama wengi tunavyofanya: cha bure nikakidhania hafifu, cha kulipia nikakidhania kimepimwa.

Kitabu cha takwimu nilichokipita ni *Introductory Statistics* cha Barbara Illowsky na Susan Dean, waliokuwa walimu wa De Anza College kule California. OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice ilikitoa mwaka 2013. Unakipakua mara moja kwenye simu na unakisoma bila bando. Leseni yake inakuruhusu kukinakili, kukibadili na kukisambaza, mradi uwataje waandishi. Na ule uwezo wa kubadilisha namba za swali kwa kila mwanafunzi, ulionifanya nimkubali wakala, umo ndani ya Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni ambao chuo chetu kilikuwa nao siku zote. Programu yake ya simu inaweza hata kumwezesha mwanafunzi kufanya jaribio akiwa nje ya mtandao, majibu yakapanda baadaye anapopata mtandao, ikiwa mwalimu ameruhusu. Sikujua. Sehemu ile ya maswali sikuwahi kuipekua. Moodle kwangu ilikuwa kabati la kuwekea slaidi.

Sisemi nyenzo za kampuni zote ni mbaya. Maelezo ya mfumo ule kuhusu uwezekano yalikuwa mazuri kuliko yangu, na kama ningeyaweka kuwa ya ziada kwa anayetaka na anayeweza, nisingekuwa na cha kuungama leo. Kosa ni kuzipitisha alama mle ndani. Mwanafunzi alishalipa ada ya chuo. Hapaswi kudaiwa tena na mtu mwingine ili kazi yake ihesabike. Chuo kikiona mfumo unafaa kiasi cha kubeba alama, kiununue chenyewe, kwa ada ileile. Kikishindwa bei, basi mwanafunzi naye ameshindwa bei.

Wala nisimfiche mtu kazi iliyofuata. Kitabu huria hakiji na mifano ya kwetu. Kimejaa dola na besiboli, na mwanafunzi wa Newala akikutana na besiboli anahangaika na mchezo kabla hajafika kwenye hesabu. Mimi na wasaidizi wangu tulitumia likizo nzima kubadilisha maswali: bei ya gunia la mahindi katika soko la Kibaigwa, muda wa kusubiri basi, uzito wa watoto wanaopimwa kliniki. Haya ya kliniki nilimwomba yule muuguzi ayakague, na alinisahihisha: nilikuwa nimetunga uzito wa watoto wachanga ambao katika zahanati yoyote ungemfanya muuguzi aandike rufaa. Tulimlipa kwa kazi hiyo kama tunavyomlipa mkaguzi yeyote. Nilichoka likizo ile kuliko nilivyowahi kuchoka na kusahihisha, na bado baadhi ya maswali yetu yana namba zinazotoa majibu ya ajabu ambayo tunaendelea kuyarekebisha.

Sasa kabla sijaweka chochote cha mtu mwingine kwenye kozi, nakifungua kwanza kwa simu ile ndogo, kwa bando ninalolinunua mwenyewe, na nakifanya chote kama mwanafunzi. Mwanafunzi asiyeona naye anakijaribu kabla ya muhula, akiwa analipwa. Mambo haya mawili tu yangetosha kunizuia.

C ya yule muuguzi haijabadilika. Nilikata rufaa kwa niaba yake, ikakataliwa, na sababu walizotoa zilifuata kanuni. Alipoanza kuomba nafasi ya shahada ya pili nilimwandikia barua ya kuambatanisha na vyeti vyake. Imeeleza kwamba alama ile ilitokana na mfumo nilioupendekeza na tangazo nililoliandika, na imebeba nakala za kurasa za kaunta buku pamoja na namba yangu ya simu kwa atakayetaka kuuliza. Chuo kimoja kimeshapiga.