Mchicha hauvunwi kila Jumamosi

Haya wadau, nimerudi. Najua nimewatupa karibu mwezi mzima, ila si mnajua tena, UE zilinikaba koo. Sasa zimeisha, matokeo tumwachie Mungu, tuendelee na maisha.

Leo nataka kuongelea kitu kilichonikaa rohoni tangu semina ya DS. Mwenzetu mmoja aliwasilisha mada ya kuwainua wajasiriamali wadogo na wakulima. Kaka alijipanga, slaidi safi, tai shingoni. Akamaliza kwa kusema tatizo la mtu wa chini ni moja tu, mtaji. Mpe mtaji, atatoka. Tukapiga makofi, na mimi nikapiga. Ila nilipopanda gari pale Chang'ombe kwenda nyumbani, kufika Tazara nikawa najisuta mwenyewe. Mimi ni mtoto wa Vingunguti. Niliona kwa macho yangu mtu akipewa mtaji, na mtaji huohuo ukamzamisha. Na mama yangu naye akazama nusu.

Kwa wasiojua, mama yangu anauza supu. Saa kumi na moja alfajiri yuko machinjioni kufuata makongoro na utumbo, saa moja na nusu wateja wameshakaa kwenye benchi na chapati mkononi. Machinjio yenyewe siku hizi ni ya kisasa, yale yaliyojengwa na NHC. Marehemu Rais Magufuli alikuja pale mwaka 2019 akahoji kwa nini ujenzi umekwama, mtaa mzima ulijaa. Hela ya mama inaingia kila siku. Leo kauza, leo kahesabu. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Mama ni mwanachama wa kikoba. Wako thelathini, wanakutana kila Jumamosi saa kumi jioni chini ya mwembe. Kuna sanduku la bati lenye kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, kwa hiyo hata mweka hazina akipagawa usiku hawezi kulifungua peke yake. Unanunua hisa, unachangia mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na maradhi, ukichelewa faini, simu ikiita faini. Unakopa hadi mara tatu ya hisa zako. Na wanachama wamegawanywa watano watano, mmoja akikopa wanne wanamdhamini.

Msidhani ni ubunifu wa Vingunguti. Mfumo huu shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991 na akina mama wa vijijini, baadaye ukaingia Zanzibar na huku Bara. Na mambo ya watano watano ndiyo yaleyale ya Profesa Yunus na benki yake ya Grameen kule Bangladesh, yaliyompa Nobel mwaka 2006. Siku hizi hata serikali inavitambua, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeviweka vikundi hivi daraja la nne. Kwa hiyo mama yangu ni taasisi ya fedha daraja la nne, mkikutana naye mpeni heshima yake.

Sasa twende kwenye kisa. Ni masika ya 2024.

Kwenye watano wa mama kulikuwa na mzee mmoja, sitamtaja jina, mtaani tunamwita Mzee wa Mchicha. Analima bondeni, kando ya Mto Msimbazi. Mchicha, matembele, majani ya maboga. Nilipokuwa kidato cha pili na mama anaumwa, huyu mzee alikuwa anatuletea mafungu mawili ya mchicha kila jioni na kusema tutalipa mama akipona. Mnaelewa ni mtu wa namna gani.

Mwezi Machi akakopa laki tatu. Alitaka pampu ya mtumba avute maji ya kisima, aachane na maji ya mto. Wateja walikuwa wameanza kuuliza, mboga hii unamwagilia maji gani? Na wana haki ya kuuliza. Tangu mwaka 1999 watafiti Bahemuka na Mubofu walichapisha kipimo cha metali nzito kama risasi na kadmiamu kwenye mboga za kando ya Mto Sinza na Msimbazi, na majibu hayakuwa ya kufurahisha. Mzee hajasoma hiyo karatasi, lakini pua anayo, mto anaujua.

Kikoba kikampa laki tatu, arudishe 330,000 kwa wiki kumi na mbili. Piga hesabu, ni 27,500 kila Jumamosi. Pampu ikala laki mbili. Akabaki na laki moja ya mbegu na samadi ya kuku.

Jamani, mchicha tangu kusia mbegu mpaka kung'oa ni wiki tatu mpaka nne. Wiki tatu za kwanza shamba halikupi hata senti. Lakini Jumamosi haisubiri. Wiki tatu mara 27,500 ni 82,500. Aliitoa wapi? Kwenye ile laki moja! Yaani alikuwa anakopa kwa kikoba ili akilipe kikoba. Samadi hakununua ya kutosha, matuta yakawa dhaifu, na akiba hana.

Wiki ya nne na ya tano akavuna kidogo, akalipa. Halafu mvua. Mnaikumbuka ile ya 2024, mvua za El Nino zilizotupiga tangu mwisho wa 2023. Usiku mmoja mto ukapanda, asubuhi matuta yote hayapo, tope tu. Pampu ilipona kwa sababu alikuwa anailaza chumbani kwake.

Jumamosi ile hakuja kikaoni. Na iliyofuata hakuja. Simu imezimwa. Kikoba kikafanya kama katiba inavyosema, deni la 192,500 likagawanywa kwa wadhamini wanne, kila mmoja 48,125. Mweka hazina aling'ang'ania mpaka ile mia na ishirini na tano, wakati sarafu ndogo tunayoiona mtaani ni hamsini. Watu wakacheka, mama hakucheka.

Mama alikuwa ameniwekea elfu hamsini ya viatu na nauli za TP. Akaitoa mbele yangu. Hakusema neno. Nilikwenda TP na viatu vilivyogundishwa na fundi, nafundisha kidato cha kwanza huku nimesimama nyuma ya meza wasinione miguu.

Kiukweli nilichukia. Jumapili yake nikatoka bila kuaga, nikashuka bondeni. Nilishapanga maneno ya kumwambia, na hayakuwa mazuri. Nikamkuta ameinama, suruali imekunjwa mpaka magotini, anainua matuta upya kwa jembe. Peke yake.

Nikasema, "Shikamoo mzee," maana mdomo ulishazoea.

"Marahaba mwanangu. Mama amekutuma?"

"Hapana. Nimekuja mwenyewe."

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Sijakimbia, mwanangu. Ningekimbia ningekuwa nimeuza pampu. Nimekosa sura tu ya kukaa pale Jumamosi wakati mikono mitupu."

Yale maneno yangu yote niliyoyapanga nikayameza. Nikamsaidia matuta mawili, vibaya, akayarudia.

Nilipofika nyumbani nilimweleza mama. Nikatoa daftari nikamchorea wiki kumi na mbili, nikaweka alama pale mchicha unapotoka na pale kikoba kinapodai. Alama hazikutani hata kidogo. Mama akaangalia muda mrefu, akasema, "Kumbe tulimkopesha mkulima kama muuza supu." Wadau, nimesoma DS mihula miwili, sijawahi kusikia sentensi iliyonifundisha kama hiyo.

Jumamosi akaniburuta kikaoni nieleze. Nilitetemeka kuliko siku ya kwanza ya TP. Mama mmoja muuza mitumba akaniuliza, "Na mimi nikisema mitumba yangu inavunwa Desemba, mtanisubiri?" Watu wakaangua kicheko. Lakini swali lake lilikuwa la kweli. Ukilegeza kwa mmoja, sanduku litabaki tupu. Walibishana mpaka magharibi. Mwishoni wakakubaliana hivi: mkulima atalipa elfu tano kila Jumamosi, ili aje, aonekane, asikose sura. Kiasi kikubwa atalipa wiki ya tano, ya tisa na ya kumi na mbili, mavuno yakitoka. Na mkopo wa kulima bondeni hautolewi kabla masika hayajaisha. Deni la mzee halikufutwa. Mama mwenyewe ndiye aliyekataa lisifutwe, akasema ukimfutia mtu mzima deni umemfanya mtoto.

Mzee akarudi kikaoni. Amelipa polepole, mdhamini mmoja baada ya mwingine, na mama alikuwa wa mwisho kwa sababu mama aliomba awe wa mwisho. Februari 2025 akaleta zile 48,125 zake, akaongeza mafungu mawili ya mchicha.

Kuna jambo jingine. Julai 2024 ile mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi ilirudi, baada ya kusimamishwa Aprili 2023. Ile ya nne nne mbili, wanawake asilimia nne, vijana nne, watu wenye ulemavu mbili, haina riba. Kwenye kikoba wengi walitaka waombe siku hiyohiyo. Mama na wenzake wachache wakasema tungoje, kwanza hii ratiba yetu mpya izunguke mara moja tuone. Wengine walimwona mwoga. Mimi pia nilimwona mwoga, nawaambia ukweli. Sasa namwelewa. Kikundi kilichoshindwa kupanga marejesho ya laki tatu, ukikipa milioni kumi kitashindwa kwa ukubwa zaidi.

Sipingi mtaji. Mama yangu bila mkopo wa kwanza asingenunua lile sufuria kubwa, na mimi nisingekuwa hapa naandika. Ninachosema ni kwamba kabla hujamwezesha mtu, kaa naye uulize hela yake inaingia siku gani. Muuza supu ni kila asubuhi. Mchicha ni mwezi. Korosho ya Mtwara ni mwaka mzima. Fomu yetu ya mkopo ina sehemu ya jina, hisa, wadhamini na kiasi, lakini sehemu ya kuandika mavuno haikuwepo mpaka tulipoichora kwa kalamu. Na kuna mengine kikoba hakiyawezi kabisa. Kinaweza kumkopesha mzee pampu, hakiwezi kumsafishia mto. Hilo ni la wenye mamlaka, na ni la sisi tunaotupa taka.

Ningeyasema haya pale semina ningeonekana najifanya mjuaji, ndiyo maana nawaletea ninyi. Na kaka wa tai, kama unasoma hapa, usikasirike, siku moja twende wote Jumamosi saa kumi pale mwembeni. Usichelewe tu, faini ipo.

Ngoja niishie hapa, mwenzangu wa chumba anataka kuzima taa. Wenye wazazi kwenye vikoba niambieni, kwenu mkulima analipaje? Wikiendi njema, tuko pamoja.